Fundi, nibandue au nifunike?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nyumba yangu hapa Columbus, Ohio, ilijengwa 1956 na mbao zake za nje zinamenyeka rangi. Mkandarasi anasema atapigilia vinili, zile mbao za plastiki za kufunikia ukuta, juu ya mbao hizohizo, siku chache kazi imekwisha. Mke wangu hataki. Anasema chumba cha watoto ni friji, ukuta ushughulikiwe kwanza. Nimsikilize nani?
Baba Watatu, Columbus

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkeo.

Vinili ni koti tu. Mvua ya upepo hupenya hadi nyuma yake, kwa hiyo kinacholinda nyumba ni kile kilicho chini, ambacho huyo mkandarasi hataki hata kukitazama. Bandueni. Ila kabla mbao hazijaguswa, rangi ipimwe kama ina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na nyumba yako ni ya zamani kuliko hapo. Vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Ikionekana ipo, atafutwe mwenye cheti cha kazi hiyo, na turubai litandikwe chini.

Mbao zikishatoka, chukua bisibisi uzunguke nyumba mwenyewe. Choma chini ya pembe za kila dirisha na pale baraza inapogusana na ukuta. Ikizama kama kwenye papai bivu, hapo pameoza: kateni hadi kwenye mbao kavu, mtie plaiwudi mpya.

Sasa hiyo friji. Kuta za umri huo mara nyingi ni tupu, au zina sufi kidogo ya kuzuia baridi, nayo imechakaa. Fundi umeme akishakagua nyaya, pulizieni ndani karatasi iliyosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto. Kila nafasi kati ya nguzo na nguzo za ukuta itobolewe tundu lake la kupulizia, kwa kawaida kila inchi 16. Chini ya dirisha pia patobolewe peke yake; mafundi wengi hupasahau, na hapo ndipo mtoto anapowekewa kitanda.

Kisha karatasi ya kuzuia maji. Inaanzia chini kwenda juu, ya juu ilalie ya chini, kama mabati ya nyumbani. Mimi nyumba yangu ya kwanza, kule Minnesota, nilianzia juu. Baada ya miaka mitatu nilifungua upande wa jikoni, plaiwudi ikanimomonyokea mkononi kama mkate uliolowa chai. Kanda za kuzuia maji kuzunguka dirisha nazo ni hivyohivyo: chini kwanza, pembeni, juu mwisho.

Siku ya vinili simama hapohapo. Inatanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, kwa hiyo msumari haukazwi. Shika ubao uliokwisha kupigiliwa, uusukume kushoto na kulia. Usiposogea, mkandarasi aung'oe arudie, na pesa yake ibaki mfukoni mwako kwanza.