Farao alikosa nini, kama Mungu ndiye aliyeufanya moyo wake mgumu?

Ndugu, swali lako la Farao lisikupeleke moja kwa moja Warumi 9, ambako Paulo anasema Mungu humfanya mgumu amtakaye. Wengi hukwama hapo. Chukua kalamu, soma kitabu cha Kutoka, sura ya 7 hadi 14, pigia mstari kila mahali moyo wake unapotajwa, na pembeni andika nani anatenda. Kwenye 8:15 na 8:32 ni Farao mwenyewe anayeufanya mzito, tena mara ile ya kwanza vyura wameshakufa na amepata nafuu! Bwana anatajwa waziwazi kutenda kwenye 9:12, pigo la sita, la majipu. Ila usiruke 4:21: Mungu alishatangaza mapema kwamba ataufanya mgumu moyo wa Farao, na hapo ndipo wafuasi wa Calvin (wanaosisitiza uamuzi wa Mungu) na wa Arminius (wanaosisitiza hiari ya mwanadamu) huachana. Yakobo 1:13-14 inawabana wote: Mungu hamjaribu mtu, kila mmoja huvutwa na tamaa yake.