Jikoni kwa Bibi: Gari la shule linapita gizani, mtoto ale nini?

Shule zimefunguliwa na barua zenu zimebadilika. Juzi juzi mlikuwa mnaniuliza pilau na biriani, sasa kila mtu analia na asubuhi. Nimechagua barua tano. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa mpishi wa chekechea huko Temeke mpaka nilipostaafu. Si daktari. Mtoto akikonda, akiharisha au akigoma kula siku nyingi, mpeleke kituo cha afya, usikae kusubiri gazeti.

*Shikamoo Bibi. Nina watoto wawili, wa miaka minne na sita. Gari la shule linapita kwetu saa 11:30 alfajiri kwa sababu sisi ndio wa kwanza kwenye ruti. Wakiamka hawataki kula kabisa. Nimeishia kuwawekea biskuti na juisi ya boksi, lakini mwalimu wa mdogo ananiambia ikifika saa 3 anasinzia. Niwape nini wale ndani ya gari?*
*Mama wa wawili, Kimara*

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza acha kugombana nao saa 11. Mtoto aliyetolewa kitandani gizani hana njaa, na ukimlazimisha atatapika kabla hajafika Ubungo. Mpe nusu kikombe cha maziwa ya uvuguvugu, basi. Njaa itamkuta garini, kwa hiyo chakula chenyewe kiwe ndani ya begi.

Huko kusinzia nako usikubebeshe biskuti peke yake. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Kama wako anaamka saa 10:45 na tamthilia ya usiku anaimaliza na nyinyi, hakuna chapati itakayomwamsha darasani.

Tuje kwenye juisi. Geuza boksi usome nyuma. Kama limeandikwa gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100, boksi la mililita 250 lina gramu 27 na ushee. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto wa kuanzia miaka 2 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, kama vijiko 6 vya chai. Wako anaimaliza sukari ya siku nzima jua halijachomoza, na biskuti bado hatujazihesabu. Mpe maji kwenye chupa yake, na tunda alitafune lenyewe.

Chakula cha garini kina masharti yake. Kishikike kwa mkono mmoja, kisichuruzike kwenye sare, kisinuke mpaka anti wa gari alalamike. Na mtoto awe anakijua tayari. Kitu kipya kijaribuni Jumamosi nyumbani, siyo Jumatatu barabarani.

Mimi nakupa chapati za maji. Piga yai moja kwenye bakuli, ponda humo ndizi mbivu iliyoanza madoa meusi. Hiyo ndiyo sukari yako. Tia kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa ulezi na chumvi kidogo, kisha maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka utiririke kwenye upawa bila kukatika. Uache dakika 15. Usiruke hapo, kwa sababu ulezi hunywa maji polepole na ukikaanga papo hapo chapati zitakukatikia mkononi. Kikaango kipake mafuta kiasi cha kung'aa tu, moto wa wastani, na usigeuze mpaka upande wa juu ukauke na vitobo vionekane.

Ukizitoa, zitandaze kwenye ungo zipoe kabisa. Wengi wanaharibu hapa. Wanazipanga zikiwa moto ndani ya hotpoti na kufunika, mvuke unarudi chini, na asubuhi wanatoa kitu kama tambara la deki. Zikishapoa ndipo uzifunike na kuziweka kwenye friji. Kama huna friji, pima unga mkavu usiku, weka bakuli na kikaango tayari, ukaange alfajiri. Chapati nne hazizidi robo saa. Paka siagi ya karanga nyembamba, kunja kama mkeka mdogo, kata katikati, funga kwenye foili. Nusu moja inamtosha wa miaka minne. Akiimaliza na kuulizia nyingine ndipo uongeze.

Siku ukichoka na chapati, chemsha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, pamoja na maganda yake wakati chakula cha usiku kinaiva. Vina vitamini A, na utamu wake unatosha, hauhitaji sukari wala tomato. Asubuhi unamenya na kukata vipande virefu. Na ndizi mbivu ndiyo mkombozi wa kila mama: imekuja na kifungashio chake, haioshwi, haipashwi.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni baba, mama watoto anaingia zamu za usiku, kwa hiyo asubuhi ni mimi na kijana wangu wa miaka minne. Tunatoka kwa bodaboda hadi stendi, halafu daladala. Ninachoweza kupika bila kuunguza ni yai la kuchemsha. Je, linaweza kukaa mpaka muda wa mapumziko, saa 4? Na karanga za kwenye kifuko vipi, maana anazipenda?*
*Baba Kijana, Gongo la Mboto*

Marahaba baba. Wanaume wangeniandikia hivi wengi zaidi ningefurahi.

Yai la kuchemsha ni kifungua kinywa kizuri, lakini saa 4 ni mbali mno. Chakula kilichopikwa cha aina hiyo hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 hesabu saa 1 tu. Unalijua joto la Dar la Februari ndani ya begi la shule. Kwa hiyo yai liliwe mwanzo, mkishakaa kwenye daladala au mkifika getini, na saa 4 abaki na vitu visivyochacha: ndizi, chungwa, kipande cha mkate mkavu au andazi.

Kama una friji, chemsha mayai ya siku tatu nne kwa pamoja na uyaache na maganda yake. Yakiwa hivyo hudumu hadi wiki moja. Usimenye usiku kwa kutafuta wepesi. Kama huna friji, sufuria iende jikoni kabla hujamwamsha. Maji yakishachemka, dakika 10 hadi 12 zinatosha kiini kikauke. Hayo mabichi katikati waachie watu wazima. Chumvi weka chembe tu, na ile pilipili ya wauza mayai wa stendi kijana wako haihitaji.

Kuhusu karanga nzima, hapana. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga wala korosho nzima, zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Zisage, umpake kwenye mkate. Na popote mlipo, asile juu ya bodaboda, hata ndizi. Tuta moja tu na wewe uko mbele humwoni. Ale amekaa, gari limetulia au linakwenda taratibu, na wewe unamwona mdomo.

*Asalaam aleikum Bibi. Mwanangu ana miaka mitano, anakwenda skuli kwa miguu na dada yake. Asubuhi hataki chengine ila chai ya rangi na boflo. Nyanya yake ananambia sote tumekulia hivyo hivyo. Lakini naona saa nyengine anachoka mapema. Nifanyeje?*
*Mama Mwanaskuli, Magomeni, Unguja*

Waaleikum salaam mwanangu. Nyanya yake simkatalii, hata mimi chai na mkate vimenilea. Ila enzi zetu asubuhi ilikuwa na kiporo. Wali wa jana uliopashwa, muhogo, samaki wa kukaanga aliyebaki. Chai ilikuwa ya kushushia. Siku hizi kiporo kimeonekana cha kimaskini, tumeacha chai na boflo vibaki peke yao mezani, halafu tunasema ndivyo tulivyokulia.

Chai ya rangi ina kitu kinachoshikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, na kuuzuia mwili usiyachukue vizuri. Kwa mtoto anayekula nyama mara moja moja, hayo ndiyo madini anayoyategemea. Usimkataze kwa vita. Asubuhi mpikie maziwa yenye hiliki kwenye kikombe kile kile cha chai, na chai nyepesi aipate alasiri, mbali na chakula. Na hiyo kuchoka, ikiendelea wiki mbili tatu, kampime damu.

Boflo usimnyang'anye, lijaze. Jioni ukipika mbaazi au maharage, kabla hujatia tui, chota vijiko vitatu vinne uweke pembeni. Tui ndilo linaloharakisha kuchacha; mbaazi za nazi zikilala nje usiku mmoja, alfajiri zina harufu na povu. Zile ulizochota zipoe, ziingie kwenye friji. Kama huna friji, ziache na uchukue kitu kingine. Asubuhi zichemshe tena mpaka zitokote, zikaushe maji, uziponde kwa mwiko, ukamulie ndimu. Pasua boflo, toa nyama ya mkate kidogo ndani ili papatikane nafasi, ujaze, ulibane kwa kiganja. Ukilibana vizuri atakula njiani na hata punje haitaanguka. Mfukoni kwa dada yake tia pera moja wagawane. Vitamini C iliyomo humo, na ile ya ndimu, inasaidia madini ya chuma ya mbaazi yaingie mwilini.

Atakataa siku ya kwanza. Mkatie kipande cha vidole viwili, kilichobaki kula wewe mbele yake bila kusema neno.

*Bibi, mimi nanunua unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu kumi na mbili: mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na kadhalika. Naweza kuupika alfajiri nikamwekea mtoto kwenye chupa ya chai?*
*Mama Pacha, Dodoma*

Chupa ya chai sawa, huo unga ndio tuuzungumze. Wingi wa majina kwenye pakiti haumjengi mtoto. Soya isipokaangwa vizuri kabla ya kusagwa inamsumbua tumbo, nayo inataka moto mrefu kuliko mahindi. Karanga zikisagwa na nafaka, mafuta yake huvunda mapema na unga wote unakuwa mchungu. Halafu kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayopenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Nyinyi wa huko hamhitaji kusimuliwa: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Ukisagiwa vitu kumi na mbili pamoja, hujui ni kipi kilikuwa na ukungu, umeshachanganyiwa.

Nunua ulezi mtupu, uone punje zake, uupepete, uuoshe, uanike ukauke kabisa, upeleke mashine mwenyewe. Una madini ya kalisi zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, mahindi hayasogei hata karibu. Uji ukiiva ndipo uongeze: leo maziwa, kesho kijiko cha karanga ulizochambua, ukakaanga na kutwanga mwenyewe. Karanga iliyosinyaa au yenye rangi ya kijani tupa, usiwape hata kuku.

Chupa isuuze kwanza kwa maji yanayochemka, uimwage, ndipo utie uji ukiwa moto kweli kweli. Upike mwepesi kuliko wa kunywa nyumbani, kwa kuwa ukikaa unazidi kuwa mzito na hautamiminika. Ikirudi, toa ule mpira wa kwenye kizibo uuoshe siku hiyo hiyo. Humo ndimo uji wa jana unapojificha.

*Bibi, chakula napika vizuri, shida yangu makopo. Kila wiki linapotea moja, na mengine yanarudi siyo yetu. Pia mtoto hawezi kufungua mwenyewe.*
*Mama Aliyechoka, Tabata*

Usinunue makopo ya bei. Chukua yale ya plastiki magumu yaliyokuja na kitu kingine, ila yawe yalibeba chakula, siyo rangi wala sabuni. Kabla hujaanza kulitumia, mpe mtoto alifungue na kulifunga mbele yako. Asipoweza, halimfai, maana anti wa gari ana watoto thelathini wa kufungulia. Nilishaona makopo yakirudi yamejaa, mama analalamika mtoto hali, kumbe mfuniko ndio ulimshinda.

Jina liandike kwa kalamu isiyofutika kwenye kopo lenyewe na kwenye mfuniko pia. Wengi wanaandika kwenye mfuniko tu, na mifuniko ndiyo inayobadilishana.