Wote tulitazama mguu

Mdogo wangu ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Jioni moja ya mvua alikuwa akiteremka kutoka Cimpunda, amebeba abiria, mtoto akakatiza njia, akafinya breki. Abiria aliinuka na matope tu. Yeye pikipiki ilimlalia: mguu wa kuume ulibanwa kwenye mawe huku kiwiliwili kikigeukia upande mwingine. Nilipofika nilikuta watu wamemzunguka, na sote macho yetu yalikuwa kwenye ule mguu, umepinda mahali pasipo na goti.

Mama mmoja akasema, "Akuna mufupa ilivunjika, ni kuteguka tu, mumupeleke kwa yule muzee akamukande." Hapo angalau tulikuwa na akili, tukakataa. Tulimpeleka kituo cha afya cha karibu, wakapiga radio, yaani picha ya mifupa, wakamfunga plasta ile ngumu ya mfupa uliovunjika, wakaturudisha nyumbani. Shati lake halikufunuliwa na mtu. Si wao, si sisi.

Saa 4 usiku akalalamika tumbo. Tukasema ni njaa, dada akampa ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akavitapika vyote. Shangazi akachemsha majani ili apigwe lavema, yaani asukumiwe ile dawa kwa njia ya haja kubwa; namshukuru Mungu kwamba ile pampu ilikuwa imeazimwa na jirani. Akanywa kinini, yaani kidonge, cha maumivu, akanyamaza, nasi tukalala. Kinini chenyewe hakikuwa kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba aliyenyamaza amepona. Saa 9 usiku tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na tulipompakia kwenye gari, kila shimo la barabara lilimtoa ukelele.

Munganga wa zamu, daktari wa hospitali, hakuanza na plasta. Aliuliza, "Gidoni ilimugonga wapi?", yaani usukani wa pikipiki. Tukatazamana. Alipofunua shati tukaona chini ya kitovu duara dogo jekundu, halizidi kizibo cha chupa ya bia. Mpira wa mwisho wa ule usukani ulikuwa umechakaa zamani, chuma kikabaki wazi. Ngozi huvutika na kurudi, lakini utumbo ulio nyuma yake hubanwa kati ya chuma na uti wa mgongo, na unaweza kupasuka bila tone la damu kuonekana nje. Uchafu huvuja polepole, ndiyo maana saa za kwanza hudanganya. Walimfungua asubuhi, wakashona utumbo mwembamba. Kidonda kiliota usaha, tukakaa hospitalini wiki 3.

Baadaye yule munganga alinionyesha picha ya mguu na kunipa mfano ambao sijausahau. Chukua chaki uipinde, itakatika moja kwa moja. Isokote kama unayekamua nguo, itakatika kwa ufa unaozunguka. Mfupa una tabia hiyo hiyo: hustahimili kukandamizwa kuliko kuvutwa, kwa hiyo ukipindwa, ufa huanzia upande unaovutwa. Wa mdogo wangu ulikatika kwa mzunguko, maana yake mguu ulishikwa na mwili ukageuka. Na mwili uliogeuka juu ya pikipiki umegonga kitu. Kwa hiyo ukimpeleka mtu wa ajali, usiishie kusema "ameanguka". Sema mguu ulinaswa wapi, alitupwa mbele au upande, usukani ulikuwa wapi. Kama hukuwepo, mtafute aliyeona umpigie simu mbele ya munganga.

Na mfunue. Tumbo zima, ubavu, mgongo, hata kama analia mguu. Akiwa amepauka, ana kiu isiyoisha, moyo unakimbia, au bega la kushoto linamuuma ingawa halikuguswa, inaweza kuwa bandama inavuja damu ndani. Usimpe chakula wala kinywaji mpaka munganga aseme, na lavema usahau kabisa. Ukirudishwa nyumbani, mtazame usiku kucha. Tumbo likibadilika, rudi, hata kama watakuona msumbufu.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa mambo haya. Mwaka 2015 tume ya jarida la The Lancet ilitaja operesheni 3 za kupimia hospitali: kuzalisha kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Lengo ni mtu aweze kufika penye huduma hizo ndani ya saa 2. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa wagonjwa 10,745 wa upasuaji wa dharura wa tumbo katika nchi 58, na hatari ya kufa ndani ya siku 30 katika nchi zilizo chini kimaendeleo ilikuwa kama mara 3 ya ile ya nchi zilizo juu, hata baada ya kuzingatia hali za wagonjwa. Naisoma namba hiyo nikikumbuka zile saa tulizolala. Basi jua leo, ukiwa mzima, ni hospitali gani karibu yako inafungua tumbo usiku. Jua pia ndugu gani wawili au watatu wanaweza kuja kutoa damu, na nani atakayetafuta pesa za dhamana ya hospitali huku wewe ukiwa mlangoni.

Mguu nao ulikuwa na habari zake. Plasta juu ya mguu unaoendelea kuvimba inaweza kukaba damu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi, au vikiuma sana ukivivuta juu, usingoje asubuhi. Baadaye, munganga akiruhusu, mguu ukanyagishwe kidogo kidogo, kwa kuwa mfupa usiobeba uzito hudhoofika. Wake ulichukua miezi 5, kwa magongo, kwenye milima hii yetu ya Kadutu. Sambaza zenye mifupa yake alizila mpaka akazichoka.

Amerudi barabarani. Kitu cha kwanza alichonunua kabla ya mafuta ni mipira miwili ya usukani, na kila motari mwenzake akiegesha kijiweni, anainama kumkagulia gidoni.