Anajilipia kodi mwenyewe, na bado anapenda kubembelezwa

Kaka, umeuliza kama mchumba wako, mhasibu anayejilipia kodi ya nyumba na kuyaita maua "mambo ya kitoto", ana mahaba moyoni au umwache na hesabu zake. Mimi naamini anayo. Wanawake wasio nayo wapo, sikatai, ila kujitegemea si dalili yake.

Nenda kwenye taarabu Unguja au Mombasa uwatazame wanaoinuka kumtunza mwimbaji. Wamo walimu, wauguzi, wenye maduka. Mama anayejua faida ya kila doti aliyouza anasogea mbele taratibu, noti mkononi, macho kayafumba, anaimba kila neno. Asubuhi yuko dukani anabishana bei, na ni yule yule.

Mwenye kipato chake hahitaji umnunulie anachoweza kujinunulia. Anataka aone umemfikiria yeye. Huenda kinachomchosha ni maua ya Februari 14, yanayonunuliwa kwa kuwa kila mtu ananunua. Mpelekee khanga, lakini usibebe ya kwanza utakayooneshwa. Soma maandishi yake, moja baada ya nyingine, mpaka upate yenye maneno unayoshindwa kumwambia. Muuzaji atakuvumilia, amezoea. Na mwisho wa mwezi, anapofunga hesabu na kuchelewa kutoka, mpelekee chakula cha moto ofisini, kisha uondoke umwache amalize kazi.

Halafu muulize mwenyewe anapenda kupendwa vipi. Muulize mkiwa mmekaa pamoja, usimtumie meseji.