Barua kwa Mwanangu: Hizo Kilomita Mia Mia Zako

Umoja, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Ramani yako nimeipata. Umeniuliza mambo mawili: safari ya baiskeli kati ya Mombasa na Malaba, mpakani na Uganda, uianzie upande upi, na likizo uichukue Aprili au Agosti. Mama yako ana swali moja tu, kwa nini usipande basi. Hilo atakuuliza mwenyewe.

Anzia Mombasa. Najua umeona pwani iko chini, ukadhani ukitoka Malaba ni kuteremka tu. Kwanza utapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Halafu ukishaipita Nairobi na kuanza kushuka, upepo wa baharini utakukuta usoni. Nimeendesha trela njia hiyo miaka 22. Agosti, nikirudi bandarini mtupu, turubai lilipigwa na upepo wa kusi mpaka kamba zikakatika. Ukitokea Mombasa, kusi hiyo iko mgongoni, na mlima wenyewe hadi Nairobi umetandazwa kwenye kilomita karibu 480.

Tena kuna malori. Mzigo mwingi hutoka bandarini kwenda Malaba, kwa hiyo kwenye milima mirefu malori ya upande wako yatakuwa yanapanda kwa shida, polepole. Yanayoteremka kwa fujo yatakuwa ng'ambo. Ukishapita Nakuru, ukafika kati ya Salgaa na Sachangwan, utanikumbuka.

Aprili ni masika, sahau. Nenda Agosti: pwani na Ukambani ni kukavu. Ila jua la Makindu lisikudanganye, kwa sababu mwezi huo huo Eldoret inanyeshewa, hasa alasiri. Kuanzia Nakuru, saa nane mchana uwe umeshaingia chini ya bati.

Sasa hilo jedwali lako la kilomita 100 kila siku. Siku ya kwanza umebahatika, zinakufikisha karibu na Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali. Madereva wengi niliowajua, Waislamu na wasio Waislamu, walisimama pale kuomba safari njema. Simama nawe. Lakini siku ya pili kilomita 100 zako zinaishia katikati ya mbuga ya Tsavo, ukishapita Manyani. Utapiga hema pale umkaribishe nani?

Siku ya pili ishia Voi, hata kama ni kilomita 60 tu na miguu bado inataka. Lala mapema, jaza maji lita sita. Siku ya tatu ni Voi hadi Mtito Andei, kama kilomita 95, kwa pumzi moja. Siku nyingine zote nataka utoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, lakini hiyo subiri jua lichomoze kabisa. Ndovu huvuka barabara pale. Mmoja aliwahi kunisimamisha gizani karibu nusu saa, nami nilikuwa ndani ya chuma.

Siku ya nne ni fupi, hadi Makindu. Lala kwenye hekalu la Masingasinga, lipo tangu 1926. Msafiri hupewa chakula na kitanda bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, na ukiondoka acha chochote kwenye sanduku. Kesho yake lala Salama, ingawa kwa kelele za malori sijui kama utalala.

Nairobi uingie Jumapili. Ile barabara ya juu ya kulipia hairuhusu baiskeli, kwa hiyo kuanzia Mlolongo uko chini na matatu, na siku ya kazi hapo sikutakii. Ukihesabu kinyumenyume, basi utatoka Mombasa Jumanne.

Jumatatu pumzika hapa, jioni usogee kwa shangazi yako Limuru. Nataka uteremke Mai Mahiu asubuhi mapema, kwa sababu hapo ndipo ile hesabu yangu ya malori inapovunjika: yenye mzigo yanateremka pamoja nawe. Ukisikia harufu ya breki zinazoungua nyuma yako, usigeuke kutazama. Toka lami, shuka, simama mbali. Karibu na mwisho wa mteremko kuna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Pumzika hapo, rimu zako zipoe.

Naivasha, Nakuru, hizo utazimaliza bila mimi. Nakuru hadi Eldoret ni kama kilomita 155 lakini usizihesabu hivyo, ni kupanda siku nzima. Zikate mara mbili, ulale Timboroa. Beba sweta zito. Utalitukana Voi na utalibusu Timboroa. Kutoka Eldoret, lala Webuye, kisha Malaba.

Hesabu yangu inafika siku 13, nawe umeomba 10. Rudi kwa mkubwa wako kazini kabla hajatia sahihi.

Jambo jingine: ukisafirisha baiskeli kwa basi hadi Mombasa, toa gurudumu la mbele, kisha usimame pale pale ukitazama inavyoingizwa kwenye buti. Makanga hupakia magunia juu ya kitu chochote.

Mama yako anataka kujua Jumapili hiyo utafika saa ngapi. Anasema chapati hazipikwi mara mbili.

Babako