Maswali ya Wasomaji: Gemu Niliyoipenda na Kasoro Zake

SWALI: Ndugu Mhakiki, salamu. Katika toleo lililopita uliisifu gemu ya Tales of Kenzera: Zau kwa kuwa wahusika wake wanasikika wakizungumza Kiswahili, kisha katika aya hiyo hiyo ukaandika kwamba mapigano yake yanachosha. Nimekuona kigeugeu. Gemu zenye lugha yetu zinahesabika kwa vidole. Je, hii haikustahili kusifiwa tu?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, uchungu ulioandika nao ninauelewa, kwa sababu hata mimi nilipobadili lugha ya sauti na kumsikia kijana Zau akisema Kiswahili kwenye televisheni ya sebuleni, nilibaki kimya na padi mkononi. Gemu hiyo ilitoka Aprili 2024, kazi ya Surgent Studios ya Uingereza inayoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wengi wetu tulimsikia mwaka 2017 akiwa Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliibuni kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake, na msiba huo ndio unaoibeba hadithi yote: Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kuahidi kumletea mizimu mitatu mikubwa ili naye arudishiwe baba.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona katika gemu nyingine. Zau anafika kwenye mbuyu, anaketi chini yake na kuutafakari msiba wake, bila adui wa kumkabili wala saa inayomharakisha. Na anapoinuka, uhai wake umeongezeka. Aliyewahi kukaa matangani ataelewa mara moja, kwa maana watu hawaji pale na dawa ya kifo, wanakuja kukaa tu na mfiwa, naye anapata nguvu ya kuikabili kesho. Kwa tukio hilo pekee ningempa gemu hii rafiki yeyote aliyefiwa.

Hata hivyo, gemu huchezwa kwa mikono, na mikono yangu ilichoka mapema. Zau ana vinyago viwili, cha jua kwa mapigano ya karibu na cha mwezi kwa kushambulia kwa mbali, na saa ya kwanza ya kubadilisha kimoja baada ya kingine inampa mchezaji raha ya mcheza ngoma anayefuata mabadiliko ya mapigo. Baadaye unafungiwa uwanjani tena na tena, wanakuja adui wale wale kwa makundi, nawe unawamaliza kwa mbinu zile zile ulizojifunza mwanzoni. Zipo pia sehemu za kukimbia hatari ambapo kosa dogo linakufisha na kukurudisha nyuma, na marudio hayo yanavunja hisia ambazo hadithi imezijenga kwa uangalifu mkubwa. Ninaamini kwamba Salim na wenzake wana uwezo wa kutengeneza kazi bora kuliko hii, na nisingeutendea haki uwezo huo kwa kunyamaza.

Kuna lawama moja ambayo siikubali, nayo ni ile ya kuchanganya mizimu ya makabila mbalimbali. Ni kweli kwamba Impundulu, ndege wa radi, ni wa simulizi za Waxhosa na Wazulu, zimwi GaGorib ni wa Wakhoikhoi, na jina la Kalunga linajulikana sana kwa kabila la Wakongo. Lakini Kenzera ni nchi ya kubuni, na mtunzi ana ruhusa ya kukusanya humo kila alichorithi kutoka bara letu.

SWALI: Nina fedha za gemu moja tu kwa ajili ya kompyuta yangu. Ninunue Starfield au Baldur's Gate 3?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Nunua Baldur's Gate 3. Zote mbili zilitoka mwaka 2023, Baldur's Gate 3 Agosti na Starfield Septemba, na zote ni nzito: Starfield inahitaji nafasi ya GB 125 na mwenzake GB 150, kwa hiyo ikiwa unategemea bando la simu, panga mapema jinsi utakavyozipakua.

Starfield ya Bethesda inakupa zaidi ya sayari 1,000, nami nakiri kwamba kuunda chombo chako mwenyewe cha anga, kipande kwa kipande, kulininyima usingizi. Tatizo ni kwamba safari yenyewe haipo: unachagua sayari kwenye menyu, unasubiri skrini ipakie, unashuka, na kituo unachokikuta kinafanana na kile ulichokiacha. Larian ya Ubelgiji, iliyotengeneza Baldur's Gate 3, ilichagua eneo dogo na kulijaza watu. Unapotaka kumshawishi mlinzi, dado yenye nyuso 20 inazunguka mbele ya macho yako, na ukishindwa, gemu haikurudishi nyuma. Inaendelea na kushindwa kwako, mara nyingi kwa namna ya kuvutia kuliko kama ungefaulu. Kasoro yake iko katika sehemu ya tatu, ndani ya jiji, ambako visa vinabanana hadi uzi unapotea, na mwisho wake ulikuwa mfupi mno hadi ulipoongezewa hitimisho Novemba 2023.

SWALI: Je, bado unasimamia ukali wako dhidi ya Cyberpunk 2077?
— Msomaji, Kigoma

JIBU: Kwa gemu iliyotoka Desemba 2020, ndiyo, hali yake kwenye mashine za zamani ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa katika duka lake mwezi huo huo, ikairudisha Juni 2021. Kwa gemu ya leo, hapana. Toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilibadilisha mfumo wa ujuzi na namna polisi wanavyokufuatilia, na nyongeza ya Phantom Liberty iliyofuata siku chache baadaye ina uandishi ambao nimeupenda bila kusita. Ila angalia mashine yako kabla ya kulipa: toleo hilo wala nyongeza hiyo haikufika PS4, mashine ya zamani ya Sony.