Kishikwambi Kinapodai Nafasi Kabla ya Kusasishwa

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba. Kishikwambi changu cha Android chenye hifadhi ya GB 16 kinanitaka nisasishe mfumo, lakini kila nikikubali kinajibu kuwa nafasi haitoshi. Nimechomeka kadi ya kumbukumbu ya GB 32 na jibu halijabadilika. Ndani yake mna picha za stakabadhi za korosho za wakulima wetu, nami naogopa kufuta chochote. Fundi mmoja amenishauri nikifute chote nianze upya. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu karani, usimsikilize kabla stakabadhi hizo hazijapata nakala mahali pengine. Kukirudisha kishikwambi katika hali kilivyotoka kiwandani hufuta kila kilichomo katika hifadhi ya ndani, na mkulima atakayekuja kuulizia kilo zake hatafarijika kusikia kwamba kifaa sasa kina mfumo mpya.

Kadi haikukusaidia kwa sababu sasisho la mfumo hupakuliwa na kufunguliwa katika hifadhi ya ndani, ambayo kadi kwa kawaida haiipanui. Ni kama kujenga ghala la pili uani ilhali la kwanza limejaa hadi mlangoni: magunia hayahami yenyewe. Hata hizo GB 16 hukuzipata zote. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, hivyo kifaa kinachoihesabu kuwa baiti 1,073,741,824 huonesha takriban 14.9 tu, na mfumo wenyewe umekwisha kuchukua sehemu yake humo. Aidha, sasisho mara nyingi huhitaji nafasi kubwa kuliko ukubwa wa faili linalopakuliwa, kwa kuwa faili hilo lililobanwa hubaki mahali pake wakati yaliyomo yakifunguliwa kando.

Anza basi na stakabadhi. Unganisha kishikwambi na kompyuta ya chama kwa waya wa USB, nakili picha zote, kisha fungua kadhaa kutoka kwenye kompyuta yenyewe na uhakikishe kwamba namba na uzito vinasomeka. Weka nakala ya pili kwenye kadi, lakini usiifanye kadi kuwa tegemeo la pekee. Zipo kadi bandia zinazojitangaza kuwa na ukubwa zisiokuwa nao, na mafaili yanayozidi uwezo wake halisi huharibika bila onyo lolote, jambo ambalo mtu huligundua siku anapoyahitaji. Nakala mbili zikishathibitishwa, ndipo ufute zile za kwenye kishikwambi.

Baada ya hapo fungua mipangilio, sehemu ya hifadhi, uone ni nini hasa kinachokula nafasi. Kwa watu wengi ni video za WhatsApp za harusi na za vikundi ambazo zimetazamwa mara moja tu. Programu hiyo ina ukurasa wake wa kudhibiti hifadhi unaoorodhesha mafaili yanayozidi MB 5, na hapo utaokoa nafasi nyingi kwa muda mfupi. Akiba ya muda ya programu inaweza kufutwa bila hasara, lakini data ya programu usiiguse, maana kuifuta huondoa akaunti na yote uliyoyahifadhi ndani yake. Kumbuka pia pipa la taka: picha uliyoifuta inaweza kukaa humo kwa siku 30 au zaidi huku ikiendelea kushika nafasi, mpaka ulimwage mwenyewe. Na kama unatumia Google Photos, chagua huduma yake ya kuongeza nafasi kwenye kifaa, kwa sababu ukifuta picha kwa njia ya kawaida hata ile nakala ya mtandaoni huondoka.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya vifaa huruhusu kadi kuunganishwa na hifadhi ya ndani. Kwa kumbukumbu za chama siipendekezi njia hiyo, kwani kadi hufutwa kwanza na baadaye haisomeki katika kifaa kingine. Hatimaye sasisha kwa Wi-Fi, betri ikiwa imejaa zaidi ya nusu.

SWALI: Mimi ni mwalimu mjini Lindi. iPad yangu ya GB 16 nayo inakataa kusasishwa kwa kukosa nafasi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, iPad haina mahali pa kuchomeka kadi, lakini kompyuta inaweza kukutoa hapo. Mwaka 2014, mfumo wa iPad uitwao iOS 8 ulipotoka, kusasisha bila waya kulidai takriban GB 5 za nafasi, na wenye vifaa vya GB 16 wengi walikwama. Waliotumia kompyuta walihitaji nafasi ndogo zaidi, kwa sababu faili lilipakuliwa na kufunguliwa huko. Tumia programu ya iTunes kwenye kompyuta ya Windows, au ile ya Finder kwenye kompyuta ya Mac yenye mfumo wa mwaka 2019 au wa baadaye. Tengeneza nakala rudufu kwanza, kisha bonyeza kitufe cha kusasisha, wala si cha kurejesha, ambacho hufuta kila kitu. Ukikosa kompyuta, na kama iPad yako tayari ina iOS 11 ya mwaka 2017 au toleo la baadaye, unaweza kuiondoa programu kwa muda huku nyaraka zake zikibaki. Anza na zile kubwa unazozitumia kwa nadra, kwa kuwa kila utakayoirudisha itapakuliwa upya kwa bando lako.